Injini imetoka kufunguliwa na inagonga: usikimbilie kushusha sampu (bakuli la oili chini ya injini)

Wiki iliyopita mama mmoja anayeleta machungwa Tanga mjini kutoka Muheza alinipigia: "Mwanangu, Noah imetoka gereji jana, leo inagonga kama mtu anatwanga kisamvu." Naandika tulivyofanya.

Hatua ya 1: Oili. Chomoa dipstiki. Kama oili iko chini, au taa yake haizimiki, usiwashe tena hata kwa kujaribu. Gari ivutwe.

Hatua ya 2: Sikiliza. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mlio uliorekodiwa kwa simu siuamini, mnaonitumia WhatsApp mnisamehe. Mlio mwepesi wa juu, chini ya kava ya tapeti, mara nyingi ni vali. Mzito wa chini unaozidi injini ikipata moto, shuku beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu inayozunguka chini). Ukisikika asubuhi kisha ukapotea, angalia pistoni au gasketi ya manifoldi ya ekzosi.

Hatua ya 3: Silinda mojamoja. Zima, chomoa soketi ya injekta moja, washa, sikiliza, rudisha. Mlio ukipungua sana kwenye silinda fulani, konrodi ya pale ina kesi. Hii ni kwa injini za petroli.

Hatua ya 4: Flaiwili. Hapa tulieni. Mwaka fulani nilipoteza siku mbili: nilishusha sampu, beringi zote safi, nikafunga, bado inagonga. Kumbe ni boliti za flaiwili! Kwenye gari otomatiki flaiwili ni ile bati nyembamba yenye meno ya stata, na gia boksi ikishushwa kubadilisha sili ya nyuma ya krenki, boliti zinazoishika na konveta (ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi) husahaulika kukazwa. Mlio wake unafanana kabisa na wa konrodi.

Weka handibreki, kanyaga breki, mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari. Ingiza D, kisha R. Mlio ukibadilika ghafla au ukipotea, shuku flaiwili. Lakini usihukumu kwa hilo peke yake, maana konrodi nayo hubadilika ikipata mzigo. Zima, toa waya wa hasi wa betri, fungua kava ndogo chini ya gia boksi, zungusha krenki kwa spana kwenye boliti ya puli, ukijaribu boliti mojamoja. Ya yule mama, mbili zilizunguka kwa vidole. Pembeni ya matundu chuma kilikuwa kinang'aa, na vumbi jekundu kama kutu limetapakaa.

Ukinunua boliti mpya, urefu uwe uleule; ndefu zaidi inakandamiza konveta na kuiharibu. Zikiwa zimekaza zote, bati inaweza kuwa na ufa katikati, na huo huuoni mpaka gia boksi ishuke.

Hatua ya 5: Sasa shusha sampu, ukague beringi. Ukirudisha, namba za kepu (kifuniko cha chini cha konrodi) na konrodi zilingane, kepu isigeuzwe. Kaza kwa torki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, si kwa kukisia mkono. Na fundi akikwambia mwage oili nzito ili mlio utulie, kataa. Mlio utafunikwa, beringi ziendelee kuliwa, hadi krenki yenyewe ikwaruzike na uipeleke kukatwa, yaani kusagwa upya iwe laini.