Kabla Hujaanza Mazoezi, Uliza Leseni ya Msimamizi Wako

Niko Amu likizoni. Juzi baraza za Langoni zilijaa pongezi: mpwa wangu, anayesomea saikolojia ya shule Marekani, kapata barua ya kwenda kwenye mazoezi ya kazi katika shule za huko kuanzia Agosti. Dada alishawatangazia watu kwamba mwanawe kaajiriwa. Dada yangu, hiyo ni barua ya mwanagenzi. Wengine hulipwa kidogo, wengine hawalipwi kabisa, kwa hiyo orodha ya michango ya harusi isubiri.

Mimi nilimwuliza moja tu: "Msimamizi wako ana leseni gani?" Wakaniona nina husuda. Sina husuda. Nina saa 310 zilizopotea nilipofanya mazoezi hayo hayo huko.

Mazoezi ni angalau saa 1,200, na zisizopungua 600 ziwe shuleni. Ndicho kipimo cha NASP, chama cha taifa cha wanasaikolojia wa shule.

Sasa tegeni sikio. Anayekusimamia shuleni awe na leseni ya jimbo ya mwanasaikolojia wa shule. Si mshauri nasaha. Si ofisa wa ustawi wa jamii. Si mwanasaikolojia wa hospitali, hata awe na udaktari. Huyo mahali pake ni hospitalini.

Wangu alikwenda likizo ya uzazi Oktoba. Nikakabidhiwa kwa mshauri nasaha wa shule, mama mpole, akinitilia sahihi kila Ijumaa. Nilijua ndani ya moyo kuna kasoro, lakini adabu ya kwetu ikanifunga mdomo: mkubwa haulizwi cheti chake. Februari mhadhiri akafungua daftari langu, akazikata saa zote alizozitilia sahihi yule mama. Zote.

Ikabidi nizilipe kiangazi, na hapo ndipo pa hatari zaidi. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, akifikisha miezi 12 ya mazoezi ya kutwa kwa ruhusa ya CPT, yaani ruhusa ya kufanya mazoezi ya kazi ukiwa bado masomoni, haki ya OPT, ruhusa ya kufanya kazi kwa muda baada ya kuhitimu, imekwenda. Nilimaliza zimebaki wiki mbili kufika miezi hiyo 12. Nasema tena: uliza leseni, na akibadilishwa msimamizi, uliza upya siku hiyo hiyo, kwa maandishi.

Dada akanijibu, "Sahihi si sahihi?" Kwetu, ndiyo. Mwanagenzi wa kuchonga milango hushika patasi hata fundi akiwa msikitini, na mlango ukitoka mzuri ni mzuri. Kule wanauliza kwanza nani alikuwa amesimama nyuma yako. Na watakwambia uwaite kwa jina tu, bila Bwana wala Bibi, ukadhani ni rafiki. Rafiki huyo huyo hukukatia saa zako huku akitabasamu.

Zuri wanalo, siwanyimi. Kila wiki mkubwa hukaa na mwanagenzi saa mbili, amuulize kesi ya mtoto yupi imemwelemea. Kwetu mwalimu wa nasaha hutwishwa kazi hiyo juu ya vipindi vyake vyote, na hakuna amuulizaye.

Usiku mpwa wangu akawatumia swali hilo wa shule ile, kule ikiwa bado mchana. Jibu lilifika kabla ya adhana ya alfajiri: msimamizi atajulikana Septemba.