Kumlisha mbuzi wa maziwa Tanga: majani kwanza, pumba kwa lita

Mbuzi akipungua maziwa, wafugaji wengi wa Tanga hukimbilia kuongeza pumba. Mara nyingi kasoro iko kwenye majani na maji. Nyuzinyuzi za majani zikichachuka tumboni ndizo zinazotengeneza mafuta ya maziwa, yaani malai. Wanga wa pumba hutengeneza sukari ya maziwa, na sukari hiyo ndiyo inayovuta maji kwenye kiwele na kuongeza lita. Ukijaza pumba ukapunguza majani, malai hupungua, na baada ya muda mbuzi mwenyewe huugua.

Vipimo vilivyo hapa ni vya mbuzi wa kilo 40 hadi 45 anayetoa lita 2 kwa siku.

Hatua ya 1: Anza kabla hajazaa

Mimba ya mbuzi ni miezi 5. Acha kumkamua siku 60 kabla ya kuzaa ili kiwele kipumzike. Zikibaki wiki 6, mwanzishie gramu 100 kwa siku za pumba zilizochanganywa (mchanganyiko wa Hatua ya 3), kisha panda taratibu hadi gramu 400 anapokaribia kuzaa. Wanambuzi hukua kwa kasi kipindi hiki na kubana nafasi ya tumbo, hivyo chakula kiwe kidogo lakini chenye nguvu. Mwenye mapacha akinyimwa huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake: hujitenga, hukataa pumba, hulegea. Ukiona hayo muite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa huu unaua.

Hatua ya 2: Majani

Mpe kilo 6 hadi 8 za majani mabichi kwa siku, theluthi mbili nyasi na theluthi moja ya jamii ya mikunde. Mabingobingo yakatwe yakiwa na urefu wa karibu mita moja. Yakishatoa vijiti vigumu, mbuzi atachambua ncha na kuacha mengine yote. Katakata vipande vya sentimita 3 hadi 5.

Kwa mikunde, lusina na gliriksidia zinastawi vizuri huku. Lusina isizidi theluthi moja ya mlo, kwani ina sumu iitwayo mimosini na ikizidi manyoya hunyonyoka na mbuzi hudhoofu. Gliriksidia huwa wanaikataa mara ya kwanza kwa sababu ya harufu. Inyaushe siku moja kivulini, uichanganye na nyasi wanazozipenda, na ndani ya siku chache watazoea. Matembele ni chakula bora sana. Majani ya mihogo, hasa ile michungu, yaanikwe mpaka yakauke kabisa.

Ning'iniza majani au weka hori usawa wa kifua cha mbuzi. Mbuzi kwa asili hula akiinua kichwa, na majani yaliyokanyagwa hayagusi tena.

Wakati wa masika, usimpe majani machanga yaliyolowa akiwa na njaa. Yanyaushe kwanza na umtangulizie nyasi kavu, la sivyo upande wa kushoto wa tumbo utajaa gesi. Kwa ajili ya kaskazi la Januari na Februari, kausha nyasi na majani ya lusina mapema juu ya kichanja chenye kivuli. Jua kali la moja kwa moja huyapunguzia ubora.

Hatua ya 3: Changanya pumba

Kwa kilo 20:
- pumba za mahindi kilo 13
- mashudu ya alizeti kilo 4
- majani makavu ya lusina yaliyopondwa kilo 2
- chokaa ya mifugo gramu 400
- madini ya mifugo gramu 400
- chumvi gramu 200

Mchanganyiko huu una protini ya karibu asilimia 15. Changanya kwanza vile vidogo na konzi chache za pumba, ndipo umwagie kwenye vingine. Bila hivyo mbuzi mmoja atapata chumvi yote.

Nusa pumba na mashudu kabla ya kununua. Unyevu wa pwani huleta ukungu upesi, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, hupita hadi kwenye maziwa ambayo watoto watakunywa. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Pumba zilizoganda mabonge au kunuka uvundo zitupwe, hata kama gunia ni la bei.

Machicha ya nazi kutoka jikoni yanafaa, konzi moja au mbili, siku ileile yalipokunwa. Yakilala huchacha, na yakizidi mafuta yake huzuia majani yasisagike vizuri tumboni.

Hatua ya 4: Pima kwa lita

Toa gramu 400 za mchanganyiko kwa kila lita anayokamuliwa: lita 2 ni gramu 800, nusu asubuhi na nusu jioni. Mabadiliko yoyote yachukue siku 7 hadi 14. Maziwa hufikia kilele kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya kuzaa. Katika wiki hizo ongeza gramu 100, andika maziwa kwa siku 5; yakipanda endelea, yakisimama rudi kipimo cha awali.

Hatua ya 5: Maji

Maji safi yawepo mchana na usiku. Kwa joto la Tanga mjini, Pangani au Muheza, tenga lita 8 hadi 10 kwa kila mbuzi; Lushoto kwenye baridi hunywa pungufu ya hapo. Osha ndoo kila siku. Ikiwa na kinyesi hataigusa, na jioni utayaona maziwa yamepungua.

Dalili za kuangalia

Malai kidogo: ongeza majani marefu na nyasi kavu, punguza pumba. Lita kidogo huku mbuzi ananenepa: protini haitoshi, ongeza mikunde. Kinyesi kimepoteza umbo la punje na hacheui: pumba zimezidi, ziondoe zote, mpe nyasi kavu na maji, na asipocheua ndani ya saa chache muite afisa mifugo. Maziwa yananuka: mweke mbali na beberu, na majani yenye harufu kali umpe baada ya kukamua.