SOMO: Jinsi ya kuonja na kulinganisha bourbon za bei nafuu hapa Mwanza bila kubebwa na lebo

Wakuu, habari za wikiendi.

Mabishano ya wiski hapa mjini, uwe Kirumba au Nyegezi, huishia palepale. Huyu anasema hii laini, yule anasema ni kali, mwingine anaapa kwamba ya bei kubwa ndiyo wiski. Wote wanaonja lebo ikiwa mezani, na kila chupa ina makali yake. Ukiweka ya asilimia 40 karibu na ya asilimia 50, unachopima ni wingi wa kilevi, ladha hujaifikia bado. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: sawazisha makali, ficha lebo, ndipo useme ipi inastahili hela yako.

Ni kwa waliotimiza miaka 18. Anayeendesha gari au bodaboda baadaye, siku hiyo awe mmiminaji.

Jua kwanza kilichomo

Bourbon ni wiski ya Marekani. Wengi hudhani lazima itoke Kentucky. Nyingi hutoka huko kweli, lakini sheria inaruhusu jimbo lolote la nchi hiyo. Sheria hiyohiyo inataka mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka, kilevi kisizidi asilimia 80 kinapotoka mtamboni wala asilimia 62.5 kinapoingia kwenye pipa, na chupani kisipungue asilimia 40. Pipa liwe jipya, la mti wa mwaloni, limechomwa kwa ndani mpaka likawa mkaa. Rangi na ladha za kutia haziruhusiwi. Ile rangi ya kahawia, ile vanila na ile sukari iliyoungua, vyote ni kazi ya mbao na moto.

Chupa za bei nafuu zinaachana kwenye nafaka ya pili. Nyingi hutumia rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo ndugu ya ngano, nayo huleta ukali wa viungo: pilipili manga, mdalasini, wakati mwingine karafuu. Jim Beam ya lebo nyeupe, Evan Williams na Wild Turkey ziko kundi hili. Bulleit imekwenda mbali zaidi, rai yake ni asilimia 28. Maker's Mark wameiondoa rai kabisa wakaweka ngano, ikatoka tamu na tulivu. Karibu zote hutiwa pia kimea cha shayiri, kinachogeuza wanga kuwa sukari kama kimea cha ulezi kinavyofanya kwenye pombe zetu za kienyeji.

Maneno mawili ya kwenye lebo yana uzito wa kisheria. "Straight" maana yake imekaa kwenye pipa si chini ya miaka 2, na kama haijafika 4 lazima umri uandikwe. Kwa hiyo Straight isiyotaja umri ina miaka 4 au zaidi. "Bottled in Bond" inatokana na sheria ya mwaka 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja wa kukeneka, miaka 4 au zaidi kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na asilimia 50 kamili. Maneno mengine ya kujisifu kwenye lebo, kama "ya kipekee" na "ya mkono", usiyalipie.

Hatua ya 1: Chupa na vifaa

Changishaneni. Watu wanne, kila mmoja chupa moja, au mnunue zile ndogo za ml 200 mkizipata. Mseto wangu wa kuanzia ni Jim Beam, Maker's Mark, Wild Turkey 101 (namba hiyo ni kipimo cha Kimarekani cha makali, mara mbili ya asilimia) na Jack Daniel's. Hazitakuwa zote kwenye duka moja, zungukeni. Msipopata hata moja kati ya hizo, tafuteni yenye rai, yenye ngano, na moja yenye asilimia kubwa.

Mezani weka glasi ndogo za mvinyo zinazofanana (zilizobana mdomoni hukusanya harufu), visosi vya kuzifunikia, maji ya kunywa ya chupa kwa sababu yale ya bomba huwa na harufu ya klorini, mkate mkavu usio na siagi, karatasi na kalamu, na chombo cha kutemea. Pitia pia duka la dawa ununue bomba la sindano la ml 10, bila sindano yenyewe. Hicho ndicho kifaa muhimu kuliko vyote hapa.

Hatua ya 2: Tayarisha pua

Hii watu wengi huiruka, na ndiyo maana wakiulizwa wiski inanukaje wanajibu "inanuka wiski". Panga visosi vitano: karanga za kukaanga, kijiti cha mdalasini, tone la vanila ya keki, ganda la chungwa lililokunwa muda huohuo, na sukari uliyoiunguza kwenye kijiko mpaka ikawa nyeusi pembeni. Ukipata ndizi mbivu iliyoanza madoa, ongeza. Nusa kimoja, pumzika, nusa kingine. Baadaye, ukihisi kitu kwenye glasi na jina halikuji, rudi kwenye visosi. Karanga huja sana kwenye Jim Beam, ndizi kwenye Jack Daniel's.

Usifanye haya dagaa wanakaangwa jirani, wala umejipulizia manukato, wala baada ya chakula cha pilipili. Zima feni, inapeperusha harufu kabla hujaipata.

Hatua ya 3: Joto

Nyumba ya bati saa nane mchana, wiski itakuchoma pua na utaisingizia ubaya. Joto hupandisha mvuke wa kilevi, nao hufunika harufu nyingine zote. Weka chupa kwenye ndoo ya maji ya kawaida nusu saa kabla. Usiweke kwenye friza: baridi kali hufunga harufu na kupumbaza ulimi.

Hatua ya 4: Sawazisha makali

Soma asilimia kwenye chupa yako wewe, maana chupa ya jina lilelile inaweza kuwa na makali tofauti kutegemea soko. Zote tunazishusha hadi asilimia 40. Hesabu: ujazo wa wiski, zidisha kwa asilimia yake, gawanya kwa 40, kisha toa ule ujazo wa mwanzo. Jibu ndiyo maji ya kuongeza. Kwa ml 30 za wiski:

- ya asilimia 43: maji ml 2.3
- ya asilimia 45: maji ml 3.8
- ya asilimia 50.5 (Wild Turkey 101): maji ml 7.9

Pima kwa bomba, tia polepole. Ukiinua glasi kwenye mwanga utaona nyuzinyuzi kama za mafuta zikizunguka mahali maji yanapoingia, halafu zinapotea. Funika kwa kisosi, acha dakika kumi. Hapo ndipo gawa ml 15 kila glasi. Glasi nne za ml 15 kwa asilimia 40 ni ml 24 za kilevi halisi, karibu sawa na bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5. Inatosha kwa kikao kizima, na baada ya hapo ulimi hauaminiki tena.

Hatua ya 5: Ficha

Mmiminaji ambaye haonji aingie chumba kingine, amimine, abandike herufi chini ya glasi na kuandika siri yake kwenye karatasi. Kisha atoke, mtu wa pili azipange upya bila kujua ipi ni ipi, ndiye alete mezani. Mmiminaji akiwepo mezani uso wake utawaambia.

Hatua ya 6: Nusa, onja, andika

Shika glasi chini ya kidevu, mdomo wazi kidogo, vuta pumzi fupifupi huku ukiipandisha taratibu. Ukitumbukiza pua ndani umekwisha, utasikia kilevi tu kwa dakika kadhaa.

Funda la kwanza ni la kuuzoesha mdomo, usilitolee hukumu. La pili, dogo kama kijiko cha chai, lizungushe mpaka chini ya ulimi, kisha meza au tema. Sikiliza mambo matatu: utamu unaanzia wapi, viungo vinakuja lini, na ladha inabaki muda gani baada ya kumeza. Mahindi huja mbele na utamu, rai huchelewa na kuwasha pembeni mwa ulimi, mbao huja mwisho na ukakasi kama wa chai kavu.

Andika KABLA hamjaongea. Mmoja akisema "mdalasini", meza nzima itasikia mdalasini.

Hatua ya 7: Linganisha kwa jozi

Nne kwa mpigo zinachanganya. Nenda mbilimbili:

Jim Beam na Maker's Mark. Hapa unajifunza rai dhidi ya ngano.

Jim Beam na Jack Daniel's. Hapa unajifunza mkaa, nitaeleza kwenye maswali.

Wild Turkey 101 isiyotiwa maji, na hiyohiyo iliyoshushwa hadi 40. Jozi hii naipenda kuliko zote, kwa sababu asiyeambiwa hudhani ni chupa mbili tofauti. Ukishaiona hiyo utaelewa kwa nini nimekomalia bomba la sindano.

Mkitaka ushahidi mgumu zaidi, fanyeni glasi tatu: mbili za chupa moja, moja ya nyingine, kila mtu atafute iliyo tofauti. Kubahatisha mara moja ni nafasi 1 kati ya 3. Kupatia mara tatu mfululizo kwa bahati ni 1 kati ya 27. Mtu akishindwa kuzitofautisha wakati moja ni ya bei mara mbili, anunue ya bei ndogo kwa amani.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Igoma: Mwadila mkuu, somo zuri. Jack Daniel's ni bourbon au siyo? Kwenye grosari yetu ugomvi hauishi.

Jibu: Mwadila. Inatimiza karibu kila sharti la bourbon, mahindi yake ni asilimia 80. Tofauti ni kwamba kabla ya kuingia kwenye pipa huchujwa polepole kwenye mkaa wa mti wa mepo (maple), nao huandika Tennessee Whiskey kwa hiari yao. Kwenye kuonja ichukulie kama ndugu na ilinganishe bila wasiwasi.

Dada wa Buzuruga: Kaka, mimi nanywa na soda. Kuna haja ya yote haya?

Jibu: Dada, hakuna ubaya wa soda, ila kwenye kupima isiwepo, sukari yake inafunika kila kitu. Kwa kuchanganya, chagua yenye rai nyingi au makali ya 45 kwenda juu, ladha yake hupenya. Maker's Mark kwenye kola nyingi naona ni kuitupa.

Mpiga Kasia: Mkuu nitajuaje kama chupa siyo feki? Nasikia unawasha moto, ukiwa wa bluu ni salama.

Jibu: Hilo la moto liache kabisa, na uwaambie wenzako. Moto hautenganishi pombe salama na yenye methanoli (aina ya kilevi chenye sumu), wala pua wala ulimi. Nunua duka linaloeleweka, angalia kizibo kisiwe kimefunguliwa, na hakiki stempu ya kielektroniki ya TRA kwa programu yao ya Hakiki Stempu. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka yote, acha. Na mtu akinywa kisha macho yakaanza kuona ukungu, kichwa na tumbo vikamuuma kupita kawaida, hospitali saa hiyohiyo, msisubiri alale apumzike. Methanoli hupofusha na huua, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi.

Mzee wa Pasiansi: Kijana wangu, yenye miaka mingi si ndiyo bora?

Jibu: Shikamoo mzee. Kwa bourbon si lazima. Pipa lao ni jipya na kiangazi cha Kentucky ni cha joto, kwa hiyo mbao huingia haraka. Ikikaa mno inakuwa chungu na yenye ukakasi. Waskoti hutumia sana mapipa ambayo yameshatumika, mengi yakiwa ya bourbon, na nchi yao ni ya baridi, ndiyo maana zao huvumilia miaka mingi. Bourbon ya miaka 4 hadi 8 ndiyo hasa ya kutafuta kwa mfuko wa kawaida.

Mdau wa Igoma: Na gongo ya mahindi nikiiweka kwenye pipa?

Jibu: Hapana mkuu. Gongo ni kosa kisheria na hakuna anayepima kilichomo. Pipa haliondoi sumu.

Nyegezi Corner: Niko kwenye dozi ya flajili, naweza kuonja na kutema tu?

Jibu: Usionje. Kutema hakuzuii kiasi fulani kuingia mwilini. Maliza dozi, muulize mfamasia usubiri siku ngapi. Kikao hicho uwe mmiminaji.

Mpiga Kasia: Nina hela ya chupa moja tu. Ipi?

Jibu: Gawanya bei kwa ujazo uliozidishwa na asilimia, utajua unalipa kiasi gani kwa kilichomo hasa. Ml 700 za asilimia 50.5, ukizishusha hadi 40, zinakuwa karibu ml 884. Kwa hesabu hiyo, Wild Turkey 101 inaweza kuonekana ghali rafuni kumbe imekaribiana na ya bei ndogo, na unapata uhuru wa kuinywa kwa makali unayotaka. Kama viungo vinakusumbua, chukua Maker's Mark. Kama bajeti imebana kweli, Jim Beam ya lebo nyeupe haina aibu yoyote. Chupa isimame wima kabatini, mbali na jua la dirishani, usiilaze, maana kilevi hula kizibo cha gome la mti (cork). Ikibaki robo, imalizeni ndani ya miezi michache, hewa inaifubaza.