Bamba la Shaba Nyeusi la Baharia Mvumbuzi: Namna ya Kulitunza Mbele ya Bahari

Mabamba ya kuwakumbuka mabaharia wavumbuzi mara nyingi huwekwa bandarini, yakitazama bahari. Huko ndiko kwenye chumvi, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa shaba nyeusi. Anayeifuatia ni dawa ya kung'arishia: husaga herufi kidogo kidogo na kuondoa utando ambao shaba imejijengea kwa miaka mingi.

Kwa hiyo kabla ya kushika ndoo, soma rangi. Utando mgumu wa kahawia au kijani kilichokolea, usioacha kitu kidoleni, ni kinga. Uache. Madoa ya kijani kilichopauka, yenye ungaunga, ni ugonjwa. Chokoa doa moja kwa kijiti cha mwanzi: unga ukitoka na kuacha kishimo, kloridi ya chumvi imeshaingia ndani. Ikikutana na unyevu na hewa huzaa asidi, asidi hula shaba, kloridi nyingine huzaliwa, na kazi huanza upya. Kupaka nta juu yake ni kuifungia chumvi ndani. Hapo mwite fundi wa uhifadhi; yeye huchokoa, huosha, kisha hutumia benzotriazoli, kemikali ya kuzuia shaba isiendelee kuliwa, isiyofaa kuchezewa bila glavu na hewa ya kutosha.

Bamba likiwa zima, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita 5 za maji. Mwagia kwanza maji matupu, la sivyo brashi itaburuta mchanga kama msasa. Tumia brashi ya nywele laini. Ukifika kwenye mchoro wa merikebu, usiharakishe: chumvi hujificha kwenye kamba za milingoti, mikunjo ya matanga na matundu ya 6, 8 na 9 za tarehe. Suuza mara 3, mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa, yaani yasiyo na chumvi wala madini. Brashi ya waya, siki, ndimu, amonia na maji ya shinikizo visiguse bamba kabisa.

Nta ipakwe kesho yake, siku kavu. Unyevu uliobanwa chini yake huacha ukungu mweupe. Paka nta ya maikrokristali, nta itokanayo na mafuta ya petroli, tabaka jembamba sana, subiri dakika 15 hivi, sugua kwa kitambaa cha pamba, kisha rudia. Dondosha maji: yakisimama kama ushanga, nta imeshika, yakitandaa, umeruka mahali. Karibu na bahari, rudia kila miezi 6.

Angalia pia bolti. Michirizi ya kahawia ukutani maana yake ni chuma cha kawaida: kikigusana na shaba penye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, kisha kutu hufura na kupasua jiwe. Badilisha kwa bolti za shaba nyeusi au chuma cha pua cha daraja la 316, na weka washa (pete bapa) za nailoni nyuma ya bamba, ziache upenyo wa milimita 6 hivi ili maji yateremke.