Nikianza upya mchezo wa mtandaoni: hatua ninazofuata na mhusika mpya

Niliingia World of Warcraft mwaka 2005, baadaye nikahamia RuneScape, kisha EVE Online. Kote huko niliacha mhusika niliyemharibu kwa pupa. Siku hizi seva mpya (kompyuta inayoendesha ulimwengu wa mchezo) ikifunguliwa, nafuata mpangilio huu. Hautakufanya bingwa wiki ya kwanza, ila utakuokolea saa nyingi.

Hatua ya 1: Linda akaunti kwanza

Nenosiri lisilotumika kwingine, uthibitishaji wa hatua mbili, na barua pepe yako ilindwe vivyo hivyo. Dakika 10 zinatosha. Mimi niliahirisha, nikaja kumkuta mhusika wangu kavuliwa kila kitu, yuko uchi katikati ya soko.

Hatua ya 2: Panga vitufe ukiwa bado leveli ya 5

Hapa ndipo ningetumia muda zaidi. Wengi tulianza kwa kubofya kila shambulio kwa kipanya. Leveli za chini zinakuvumilia, na ndiyo maana mazoea hayo huota mizizi. Ukifika kwenye mapambano ya kikundi, kipanya kinahitajika kuzungusha kamera na kumkwepesha mhusika, na mkono mmoja hauwezi kazi tatu. Nilibofya kwa miaka mitatu. Kubadilika kulinigharimu mwezi mzima wa kufa ovyo mbele ya wenzangu.

Mashambulio unayoyatumia sana yaweke kwenye 1 hadi 4, na mengine kwenye Q, E, R na F. Uwezo wa kumkatiza adui anayeroga uwe chini ya kidole chepesi kuliko vyote, kwa sababu huna hata sekunde mbili za kuutafuta. Cha kujiokoa kiunganishe na Shift. Kisha angalia A na D: katika michezo mingi ya zamani vitufe hivi humgeuza mhusika taratibu kama lori. Vibadilishe vimsogeze kando, na kugeuka uachie kipanya. Kila ukipata uwezo mpya, upe kitufe chake siku hiyo hiyo. Ukisubiri vifike 20, hutapanga tena.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kujitesa

Katika RuneScape, leveli ya 99 ya ujuzi mmoja inahitaji pointi 13,034,431 za uzoefu. Leveli ya 92 inahitaji takriban nusu ya hizo. Aliye 92 hujiona yuko mlangoni, kumbe ndiyo kwanza yuko katikati ya njia. Ningeijua hesabu hiyo mapema, nisingejiwekea 99 kama lengo la likizo.

Tafuta pia misheni zinazolipa vizuri. Waterfall Quest ya Old School RuneScape, toleo la RuneScape la mtindo wa zamani, hutoa pointi 13,750 za kushambulia na nyingine 13,750 za nguvu, kwa hiyo mgeni anaruka kutoka leveli ya 1 hadi 30 bila kumgusa kuku. Mimi niliwapiga kuku wa Lumbridge, mji wanakoanzia wageni, siku tatu.

Katika World of Warcraft, ondoka ukiwa ndani ya nyumba ya wageni au mjini. Mhusika hujikusanyia mapumziko, na ukirudi kila adui unayemuua anakulipa uzoefu mara mbili mpaka akiba iishe. Katika EVE, ujuzi huendelea kupanda hata ukiwa umelala, basi jaza foleni ya mafunzo kabla ya kuzima kompyuta.

Hatua ya 4: Usifunge ndoa na silaha

Katika World of Warcraft tulikuwa tukikusanyika watu 40 ndani ya Molten Core, pango la mapambano ya kikundi, usiku baada ya usiku, tukigombea kipande kimoja cha vazi. Januari 2007 ikatoka Burning Crusade, nyongeza ya mchezo huo, na vitu vya kijani, yaani vya daraja la chini, vya misheni za mwanzo kule Hellfire Peninsula, eneo lake la kwanza, vikapita vingi vya vile tulivyovitolea jasho. Nenda kwenye mapambano hayo kama unayafurahia. Nyongeza kubwa ikishatangaziwa tarehe, acha kukesha kwa ajili ya vazi.

Hatua ya 5: Fedha

Anza na kuchimba madini au kuchuma mimea, uuze malighafi kwenye mnada wa ndani ya mchezo. Mafundi wenye haraka watanunua. Dhahabu ya kununua nje ya mchezo iache, inafungisha akaunti. Anayesema “nitumie, nikurudishie mara mbili” ni tapeli. Kituo cha biashara cha Jita ndani ya EVE hakiwakosi. Na huko huko EVE, meli ikilipuka imekwenda, kwa hiyo usirushe usiyoweza kuinunua tena.

Hatua ya 6: Tafuta watu mapema

Nilipanda peke yangu hadi leveli ya mwisho, nikafika sijui kucheza na mtu. Safari hii tafuta chama cha wachezaji ukiwa bado mchanga, ila si kile kinachokutumia mwaliko bila hata salamu. Uliza wanacheza saa ngapi na nani hugawa nyara. Kisha cheza nao jioni mbili, usikilize wanavyozungumza wakishindwa mara ya tano. Hapo utawajua.

Hata michezo hufa: Star Wars Galaxies ilizimwa Desemba 2011, City of Heroes ikafuata Novemba 2012, na wahusika wakaenda na seva. Mimi nikishacheza na mtu mara tatu, namwomba njia ya kumpata nje ya mchezo. Picha za skrini nazihifadhi kwenye kompyuta yangu, kila moja na majina ya waliosimama ndani yake.