Panda mchicha kwa zamu, uuze kwa jirani

Mchicha ulionunuliwa bustanini alfajiri na ule uliozungushwa juani mpaka jioni hauna ladha moja. Ukishang'olewa, majani huanza kupoteza maji na vitamini C. Ndiyo maana bustani ndogo za Dar es Salaam zina thamani kubwa: mboga inaweza kutoka tutani asubuhi na kuwa jikoni kabla ya adhuhuri.

Tatizo la wakulima wengi wa mjini ni kusia matuta yote siku moja. Baada ya wiki nne mchicha wote unakomaa pamoja, mchuuzi anakuja, anataja bei ya tuta zima, na mkulima anakubali kwa sababu akisubiri utachanua. Afadhali gawa eneo lako mara nne, usie sehemu moja kila wiki. Sehemu ya mwisho ikiota, ya kwanza iko karibu kung'olewa. Mbegu ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu zisirundikane. Weka samadi iliyooza vizuri. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche.

Ukiwa na mboga kila wiki, mama lishe wa jirani anaweza kukutegemea. Nawe mnunuzi, ukitaka kumsaidia mkulima wa mtaani kwako, mlipe sehemu ya fedha siku anaposia. Hapo ndipo anapohitaji mbegu na samadi, na wengi hukopa kwa mchuuzi anayekuja kuwapangia bei.

Lakini uliza maji yanatoka wapi, na uende ukayaone. Hili nalisisitiza. Mto Msimbazi hupokea majitaka ya majumbani na viwandani, na kumwagilia mboga kwa maji ya namna hiyo ni kuwahatarisha walaji. Vijidudu hufa mboga ikipikwa vizuri, ila madini ya risasi yakishaingia ndani ya jani hayatoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Tumia maji ya bomba au ya kisima kilicho mbali na vyoo. Matuta nayo yasiwe kando ya barabara kuu wala mahali palipokuwa gereji au jalala.

Kuhusu dawa za wadudu, mchicha hukaa shambani muda mfupi sana. Kama kibandiko cha dawa kinataka usubiri siku 14 kabla ya kuvuna, hiyo ni nusu ya maisha ya mboga yenyewe. Vidukari wakionekana mapema, ng'oa miche iliyoshambuliwa au nyunyiza maji ya mwarobaini.

Masika yakikaribia, inua matuta na uchimbe mifereji. Sehemu zinazotuama maji zipande matembele kwa vipande vya shina, kwani huvumilia unyevu kuliko mchicha. Wateja wako waambie tangu mwezi wa pili kwamba Aprili watapata matembele zaidi, ili mama lishe apange chakula chake mapema.