Bustani ya kiangazi Kayole: jerikeni moja kwa siku

Nyumba yangu iko chini kabisa kwenye ploti ya orofa nne. Kati ya mlango wangu na ukuta wa jirani kuna kipande cha ardhi, hatua sita kwa mbili, na hapo ndipo ninapopanda mboga. Maji ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa, yakipenda. Baada ya Krismasi mvua huisha, tunakaa hivyo hadi Machi, na mfereji ukigoma nanunua maji ya mkokoteni. Kwa hivyo yote ninayoeleza hapa yamepimwa kwa jerikeni moja ya lita 20 kwa siku. Kama nyinyi mna kisima kwenu, hongereni.

Anza kwa kukata tamaa na baadhi ya mboga. Dania ukiipanda Januari inakimbilia maua kabla hujaichuma mara mbili. Kabeji ni mlevi wa maji. Nyanya nilizijaribu miaka miwili nikaishia kulisha wadudu. Siku hizi ninapanda kunde, terere na mrenda, na sukuma ninatunza ile iliyoshika mizizi wakati wa mvua za Novemba, mpya sipandi. Susu wangu (bibi yangu) wa Kibwezi, kule kukavu Ukambani, angenicheka akinikuta nabembeleza kabeji juani na kunde zipo. Kunde natoboa shimo kwa kidole, mbegu mbili, nafukia, na baada ya wiki kama nne nachuma majani machanga. Mrenda nao unapenda joto. Ni baridi ya Julai inayoudumaza.

Sasa hili la magunia. Nairobi nzima tumeambiwa tupande kwenye gunia lililojazwa udongo, juu na kwenye matundu ya pembeni, na mimi nilikuwa nayo matano. Msimu wa mvua ni mazuri sana. Lakini wakati wa jua gunia hukauka pande zote, na upande unaotazama magharibi miche huchomeka ikiwa bado midogo. Nimebakiza mawili, nayo nimeyasogeza pale ukuta unapotia kivuli mchana. Kama huna ardhi kabisa, shikilia gunia, ila panda juu na upande wa mashariki tu, na katikati uweke nguzo ya kokoto ili maji yafike chini.

Mwenye ardhi achimbe. Udongo wetu wa huku ni ule mweusi unaonata ukilowa, na ukikauka unapasuka nyufa ambazo kidole kinaingia chote. Ukimwaga maji juu yake yanateremka kwenye nyufa na mche unabaki na kiu. Mimi nachimba kina cha futi moja, nachanganya udongo na samadi, naurudisha, lakini kitanda nakiacha chini ya njia kwa upana wa kiganja. Wakati wa mvua watu huinua matuta. Kiangazi fanya kinyume, kitanda kiwe kama sinia.

Samadi iwe ya zamani. Mwaka mmoja niliuziwa magunia mawili nikahakikishiwa ni kuukuu. Niliyatia Jumamosi, na kufika Alhamisi kunde zote zilikuwa na kingo za kahawia kama zimepitishwa kwenye pasi. Siku hizi natia mkono ndani ya gunia kabla ya kulipa: ikiwa na joto au inanuka zizi, naiacha.

Juu ya kitanda tandaza maganda ya mahindi, nyasi kavu au majani ya mgomba, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Mama mboga wangu hunipa maganda bure kwa sababu nampunguzia taka. Usiruke hatua hii. Saa nane mchana ingiza kidole chini ya matandazo, kisha ukiingize kwenye udongo ulio wazi, utaelewa.

Kumwagilia natumia chupa za soda za lita mbili. Napasha sindano ya gunia kwenye jiko, natoboa matundu manne karibu na kitako, nafukia chupa imesimama hadi shingoni katikati ya miche minne. Chupa za kwanza ziliisha maji kwa dakika kumi, nikadhani nimeharibu. Siri iko kwenye kifuniko. Ukikikaza kabisa, hewa haiingii na maji yanakataa kutoka. Ukikilegeza nusu mzunguko, yanadondoka polepole hadi jioni. Tena kifuniko kinazuia mbu kutagia humo. Nina chupa saba, nazijaza kabla ya jua kupanda, na lita sita zinazobaki naenda nazo kwa magunia.

Maji ya kuoshea mchele na mboga usimwage, yote ni ya bustani. Ya kufulia, chukua ya suuza ya mwisho tu. Sabuni ya unga ina chumvi inayoharibu udongo.

Kivuli nacho nilijishonea. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nilifumua zile nyavu nyekundu za vitunguu, nikaunganisha kumi, nikazifunga kwenye vijiti. Zinakaa juu kuanzia saa tano hadi saa kumi. Jirani huuliza kama nafuga kuku.

Wadudu wa kiangazi ni wawili wa kuogopa. Vidukari wa kijivu hujificha kwenye majani ya sukuma yaliyojikunja katikati. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, usingoje wazaane. Utitiri mwekundu huwezi kuuona vizuri kwa macho. Jani likiwa na vidoa vya njano vidogo vidogo, likung'ute juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, ni wenyewe. Ng'oa majani yaliyozidiwa, yafunge kwenye mfuko uyatupe, na uoshe chini ya yaliyobaki asubuhi, maana utitiri unapenda vumbi na ukavu.

Sukuma chuma kidogo kidogo, ubakishe majani matano au sita juu. Yaliyogeuka njano yatoe hata kama huyali, yasije yakanywa maji yako.

Mwishoni mwa Februari, jua likiwa bado kali, nachukua karai lililotoboka, natia udongo laini na kusia mbegu za sukuma. Naliweka chini ya meza ya cherehani pale mlangoni, panapopata mwanga wa asubuhi, na glasi moja ya maji inatosha siku nzima. Mvua ikianza Machi au Aprili, miche ina majani manne, na zile nyavu za vitunguu nazikunja.